Mume Afe Sura ya Tatu

Wifi yangu ni msusi, tena msusi hodari, lakini ukimwendea katika ule mwezi wake wa maandalizi utajuta. Kwenye kiti chake unakaa wewe, riwaya yake, na wahusika wote wa riwaya yake, na wote wanaongea kwa wakati mmoja.

Huo mwezi ndio ulionitia wazimu. Wifi yumo kwenye kundi la waandishi la simuni, watu wasiojuana hata kwa sura, na kila mwaka wanatenga mwezi mmoja ambao kila mmoja wao anaandika riwaya nzima, kuanzia tarehe mosi mpaka mwezi uishe. Maneno elfu hamsini. Mwezi unaotangulia ni wa kujiandaa: unatafuta wahusika, unawapa majina na kazi, unapanga nani ampende nani na nani afe. Walipomwambia kwamba riwaya haisimami bila msuko wa matukio, alicheka mpaka kichana kikamdondoka.

"Msuko? Mimi? Hapo wamefika kwa mwenyewe!"

Shida ni kwamba kujiandaa anakujua, kuandika ndiko kunakomshinda. Mwaka mmoja alimbadilisha shujaa wake kazi mara nyingi hata yule shujaa, angekuwa mtu wa kweli, angeomba kupumzishwa. Mwaka jana mwezi wa kuandika uliingia, ukatoka, yeye bado anatafuta jina la mbwa. La mbwa! Nikamwambia mchagua jembe si mkulima. Akaninunia, na kichwa changu kikakaa hivyo hivyo mpaka nikaenda kuomba radhi kwa kosa ambalo sikulifanya.

Mwaka huu alikuja na sauti nyingine. Alikuwa amenigawa nywele, kichana kipo katikati ya utosi, akasema bila utani wowote:

"Wifi, mwaka huu nisipoandika, naacha. Najitoa kwenye grupu na sitaki kusikia tena habari za vitabu. Nimechoka kuwa mtu wa kesho."

Na kweli aliwatangazia wateja kwamba mwezi unaokuja chumba chake kitafungwa asubuhi zote. Wengine wakahamia kwa msusi wa barabara ya pili, akawaacha waende. Mtu anayefukuza wateja hatanii. Hapo nikaelewa kwamba safari hii ama ataandika, ama kuna kitu ndani yake kitazimika, na sikupenda hata kidogo kukifikiria hicho cha pili.

Basi ikafika Jumapili, mkesha wa tarehe mosi. Mimi ni karani wa mapokezi kwenye zahanati, uso wangu ndio wagonjwa wanaanza nao, kwa hiyo Jumatatu lazima kichwa kiwe cha mtu. Nilimwambia sitaki makuu, anisuke twende kilioni tu, ile mistari inayolala moja kwa moja kwenda kisogoni. Ni msuko wa haraka, na jina lake lenyewe ni la haraka: umesikia kuna msiba, unasukwa, unaondoka. Msusi mwingine anaumaliza kabla chai yako haijapoa.

Si wifi yangu. Upande wa kulia ulikamilika, akasimama. Upande wa kushoto nywele zimesimama kama zimeona jini, na yeye anatazama dari.

"Wifi, suka."

"Ngoja. Nimeshampata yule mume."

Vidole vyake vilikuwa vimelowa mafuta ya nywele, kama kawaida, ndiyo maana maandalizi yake hayaandiki, anayasema. Anabonyeza simu kwa kifundo cha kidole cha mwisho na kuwatumia wenzake wa kundi ujumbe wa sauti. Akabonyeza, akainama, akasema kwa ile sauti ya mtu aliyefikia uamuzi:

"Nimeamua. Mume afe sura ya tatu. Nimembeba mpaka nimechoka, hanifai kitu. Sumu hapana, sumu watu wameizoea. Aanguke kwenye ngazi, tena mchana, majirani waone ni ajali. Akishaondoka huyo, mengine yote yatanyooka. Dereva aje sura ya tano."

Akaachia. Ujumbe ukaenda. Akarudi kichwani kwangu akiimba.

Hakumaliza hata mstari mmoja, simu yangu ikatikisika pajani. Nikaitazama. Ujumbe wa wifi ulikuwa umekaa vizuri kabisa katika kundi la ukoo wetu, ukoo wa mumewe, na chini yake shangazi alikuwa ameandika neno moja: "Tumesikia."

"Wifi," nikasema, "umetuma wapi?"

Akachungulia. Kichana kikadondoka tena, safari hii bila kicheko.

"Futa!"

"Nifute nini? Huyu shangazi ameshasikia. Shangazi akishasikia ni sawa na redio."

Hapo ndipo lugha yetu ilipotuumiza. Ukisema "mume", nani atajua ni mume wa kitabuni? Mwanamke aliyeolewa akisema mume, ni mume wake, mwingine ametoka wapi? Na mumewe, kaka yangu, ni fundi wa viyoyozi. Maisha yake yote yako juu ya ngazi.

Simu ya baba mkubwa ikaingia. Yeye hana maneno mengi. "Mkae hapo hapo. Tunakuja." Nikamwomba wifi amalizie angalau upande mmoja uliobaki. Akanivuta nywele mpaka machozi yakanitoka, nikamwambia aache. Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, na mimi niliingia na nusu kichwa.

Wakafika, shangazi mbele. Alisimama mlangoni, akanitazama mistari ile ya kulia, akashika kifua.

"Mungu wangu! Mume hajafa, wifi mtu ameshasukwa twende kilioni!"

"Shangazi, nina kazi kesho—"

"Nyamaza! Kumbe mko pamoja!"

Baba mkubwa akaketi kwenye kiti kirefu cha wateja, akaweka simu mezani kati ya chupa za mafuta, akaucheza ule ujumbe. Akaucheza tena. Kila ukifika "aanguke kwenye ngazi" shangazi alikuwa anapiga makofi ya huzuni.

"Ni riwaya, baba," wifi akasema. "Ni kitabu. Huyo ni mume wa kwenye kitabu."

"Sura ya tatu ndiyo nini?" shangazi akauliza. "Mnafiki tunamjua, ana sura mbili. Huyu ameshafika ya tatu, na dereva anamsubiri kwenye ya tano! Ndiyo maana wakasema kikulacho ki nguoni mwako."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nikacheka, na nikaangaliwa kwa namna ambayo nikakohoa badala yake. Nikaeleza mimi: kitabu hugawanywa kwa sura, sura ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kuna mwezi, kuna kundi, watu wanapanga kabla ya kuandika. Nilieleza mpaka koo likakauka. Baba mkubwa akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, nikadhani tumepona.

"Kwa hiyo hakusema kwa hasira," akasema.

"Hapana baba, hakusema kwa hasira!"

"Amekaa akapanga."

"Ndiyo, amekaa aka—" Nikaona nilipojipeleka, nikafunga mdomo.

Wakati huo kaka akaingia, ametolewa kazini, koleo bado iko mkononi. Nimweleze kidogo. Wenzake wanamwita Kiyoyozi, si kwa ajili ya kazi peke yake, ni kwa kuwa ukimwasha anatoa ubaridi na muungurumo, basi. Ukimuuliza habari za kutwa, "mm." Ukimwambia chakula tayari, "mm." Si mtu mbaya. Hajawahi kumwinulia mtu sauti, lakini ni kwa sababu sauti yenyewe haitoi. Alisimama karibu na ukuta, baba mkubwa akamchezea ujumbe, akausikiliza mpaka mwisho akitazama sakafu yenye nywele.

"Huyo mume wa kitabuni," baba mkubwa akamgeukia wifi, "anafanya kazi gani?"

Wifi akanitazama. Nikamwomba kwa macho adanganye. Mwanamke anayetunga mambo mchana kutwa, siku moja aliyotakiwa kutunga, akashindwa.

"Fundi wa viyoyozi."

Shangazi akatafuta pa kukaa.

Baba mkubwa akakata shauri. Alisema hataki kujua mambo ya vitabu, yeye anajua mambo ya nyumba. Huo mwezi upite kama miezi mingine. Wifi asuke, mumewe apande ngazi ashuke salama, na huyo dereva arudi alikotoka. "Umenielewa, mwanangu?"

"Nimeelewa, baba," wifi akasema.

Hivyo tu! Akaokota kichana, akaanza kung'oa nywele zilizonasa kwenye meno yake. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Miaka yote hiyo amenichosha na riwaya yake, amenichelewesha kazini, ameninunia kwa sababu ya mbwa asiyekuwepo, kisha anaisalimisha kwa neno moja, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Nami nilijua kwamba hataigusa tena. Alikuwa ameniambia.

"Hapana," nikasema. "Baba mkubwa, nisamehe, lakini hujamuuliza kwa nini afe. Muulize!"

Baba mkubwa hakupenda, lakini akamtazama. Wifi akakaa na kichana chake.

"Kwa sababu hasemi," akasema. "Nimewaandaa wote. Mama mwenye nyumba nimempa maneno yake, jirani nimempa, dereva nimempa, hata mbwa najua atabweka lini. Mume nikimfikia, namkalisha mezani na mkewe, nasubiri aseme kitu, hasemi. Mwezi mzima nasubiri. Nimejaribu kumtungia nikashindwa, kwa sababu sijui mtu kama huyo ndani ana nini. Nitamjulia wapi? Kwa hiyo nikasema afe. Mtu akifa angalau unajua kwa nini yuko kimya."

Shangazi akageuka kumtazama kaka.

"Na wewe unayeuawa," baba mkubwa akamwambia kaka, "huna la kusema?"

Kaka akaihamisha koleo mkono wa pili. Nilijua linalokuja, ile "mm" yake, na niliapa moyoni kwamba akiitoa nitamrushia chupa ya mafuta.

"Sura ya tatu ni mapema," akasema.

"Unasemaje?"

"Ni mapema mno." Hakuwa anamjibu baba mkubwa. Alikuwa anamtazama mkewe. "Kitabu kina sura ngapi?"

"Ishirini," wifi akasema.

"Mngoje mpaka ya kumi. Huenda akasema kitu."

"Na akifika ya kumi hajasema?"

"Basi niue."

Hakusema muue. Alisema niue, sote tulimsikia, na hakujisahihisha. Wifi akaweka kichana chini. Akamwangalia, macho yamemjaa machozi, akauliza polepole, kama anayemkaribia kuku asije akaruka:

"Asubuhi unakaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Unakaa muda mrefu. Huwa unawaza nini?"

Kaka akaweka koleo mezani.

"Nawaza nikuamshe tuongee," akasema, "au nikuache ulale."

"Lakini mimi huwa niko macho," wifi akasema. "Kila siku niko macho. Nakusubiri."

Baba mkubwa akachukua simu yake mezani, akaifuta mafuta kwa leso, akavaa kofia. Akamshika shangazi mkono, akamwambia twende zetu, mtoto huyu kesho ana kazi ya kuandika.