Nilimdanganya mtafiti wa chui milia aliyepoteza macho, hapa Sydney

Wakuu, heshima zenu. Naweka hapa jambo lililonikuta mwenyewe mwaka huu. Chumvi sijatia, pilipili mtatia nyie kwenye comments.

Niko Sydney, nakaa Auburn, kazi yangu ni support worker. Naenda nyumbani kwa wazee, nawasaidia kuoga, dawa, chai, kutembea kidogo, halafu naandika progress notes kwenye app na kuondoka.

Mwezi wa tatu nikapewa client mpya Parramatta, shift ya saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Mama wa Kihindi, miaka themanini na kitu, anaishi peke yake ghorofa ya nne. Nitamwita Aunty Leela. Si jina lake, na ameniruhusu kuandika haya.

Hapa kazini wanakwambia umwite client kwa jina lake tupu. Mimi nikashindwa. Mtu wa umri wa bibi yangu nimwite "Leela" kama nimecheza naye rede? Nikamwita Aunty, akacheka, akasema hata kwao ndivyo.

Sasa ile nyumba. Sebuleni ukuta mzima ni picha za chui milia. Wamelala, wanakunywa maji, wanapita usiku na macho yanawaka.

Mimi Mgogo wa Mpwapwa jamani. Mnyama niliyekua namwogopa ni fisi. Chui milia nilimjua kwenye blanketi tu, lile zito la kufunikia wageni. Na kabla wajuaji hamjaja: ndiyo, najua porini Afrika hayupo.

Kumbe Aunty alikaa kwenye misitu ya India ya kati zaidi ya miaka thelathini, akiwafuatilia hao wanyama, akiwatetea na kuandika vitabu juu yao. Udadisi ukanishika. Kila nikimkamulia chungwa nina swali. Wanakula nini? Walishawahi kukufukuza? Unajuaje huyu ni yule wa jana?

Hilo la mwisho ndilo lililomfurahisha. Akanieleza kwamba milia ni kama alama za vidole vyetu, hakuna wawili wanaofanana. Tena ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia wa chui huyohuyo. Wanafunga kamera kwenye miti, mnyama akipita inapiga picha yenyewe. Ukitaka kulinganisha, unaweka kushoto kwa kushoto.

Na alikuwa na sheria moja: usiseme ni nani kabla hujasema unaona nini.

Alinifundisha kwa wiki kadhaa. Nikanogewa mpaka nikawa namkagua mbavu paka wa jirani.

Shida ilikuwa macho yake. Katikati haoni kabisa, anaona pembeni tu, na daktari alishamwambia hayatarudi. Alikuwa anamalizia kitabu chake cha mwisho kwa kusema, mimi natype. Ilibaki sura moja.

Siku moja akaniambia nitoe bahasha ya kaki chini ya droo. Ndani picha mbili, zote ubavu wa kushoto.

Kisa ni hiki. Miaka kumi na kitu iliyopita, huko msituni, mkulima mmoja aliuawa na chui. Kamera ya karibu ikapata picha. Wanakijiji walikuwa na hasira, na haki yao, wanataka jibu siku hiyohiyo. Wakamletea Aunty picha. Akaitazama mara moja akasema ni chui jike fulani anayemfahamu. Kwa neno lake yule jike akategwa, akafungiwa kwenye ua wa nyavu, asirudi porini tena.

Picha ya pili ni ya yule jike, alipigwa akiwa ndani ya ule ua. Aunty hakuwahi kuziweka pamoja. Miaka yote ile! Aliogopa. Sasa anataka kujua, na macho hana.

Nikaziweka mezani karibu na dirisha. Nyuma ya bega, picha ya kwanza, milia miwili inakutana chini kama panda ya manati. Picha ya pili, mahali palepale, milia miwili inashuka sambamba mpaka tumboni, haigusani kabisa. Nikarudia. Nikahesabu kwa kalamu.

Hawakuwa chui mmoja.

Nikamtazama yule mama, mikono imetulia mapajani, anasubiri. Mdomo wangu ukasema, "Ni yuleyule, Aunty."

Wakuu, sikupanga. Kwetu mzee au mgonjwa humbebeshi mzigo mwingine. Bibi yangu alikufa hajui kwamba mjomba alimtangulia, na ukoo mzima tulijipongeza.

Aunty alishusha pumzi ndefu. Siku hiyo alimaliza chakula chote, akaomba twende kutembea mtoni. Nikaandika kwenye notes: client in good spirits. Nikarudi nyumbani najiona mtu mwema.

Wiki iliyofuata akaanza kusema sura ya mwisho, mimi natype. Sentensi ya kwanza: nimezilinganisha picha hatimaye, na sikukosea.

Vidole vikagoma. Uongo wangu ulikuwa unaingia kitabuni kwa jina lake, mtu aliyejenga heshima yake kwa kutazama vizuri. Siku yoyote mtafiti mwingine akiweka zile picha pamoja, atakayeitwa mwongo ni yeye.

Nilimsimulia mwenzangu wa kazini, Mama Espérance, Mkongo wa Bukavu. Akanishangaa. "Dada, mutu muzee hivi, unamuambia ya nini? Umuache na roho yake ya muzuri. C'est mieux, ni bora kunyamaza."

Ningekuwa mimi ndiye ninayeshauri, ningesema vilevile. Lakini sikulala vizuri siku mbili.

Shift iliyofuata, kabla hata ya chai, nikamwambia. Nilimwambia milia ya picha ya kwanza inakutana, ya picha ya pili haikutani, na kwamba niliona tangu siku ile.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Ulidhani mimi ni mtoto?"

Akaniambia nikae jikoni. Nilikaa kama saa nzima namsikia analia, na mimi nalia, chai inapoa. Nilijua kazi imeniponyoka.

Kisha akaniita. Akaniambia nifute ile sentensi. Tukaandika upya: nilikosea, nilikuwa na haraka, na chui asiye na hatia alilipa. Alisema pia kwamba picha zote mbili zichapishwe, kila msomaji aangalie mwenyewe.

Halafu akanifanya niwaandikie email wenzake wa zamani kule msituni. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Yule jike bado yu hai. Mzee sana, meno hana, hawezi kuachiwa tena porini, atakufa njaa. Wakatuma na picha yake ya siku hizi.

Aunty akauliza amekaaje.

Nikamwambia amelala, kidevu kiko juu ya miguu ya mbele, uso ameuelekeza mlangoni.

"Mlango umefungwa?"

"Ndiyo Aunty. Umefungwa."

Kisha akasema, "Andika hivyo hivyo. Kitabu kiishie hapo."

Nami nikaandika.

Nilichojifunza: ile huruma yangu ilikuwa ya kunipumzisha mimi. Yeye aliniomba macho, nikampa maneno matamu. Bado namwendea Jumatatu na Alhamisi, ila siku hizi nikimwambia chai ina sukari ya kutosha, anaionja kwanza.

Haya, mliowahi kumficha mzee jambo kwa nia njema, mwisho wake ulikuwaje? Na mnaoona ningenyamaza tu, nielezeni kwa nini, maana Mama Espérance bado ananinunia.