Hesabu ya Watoto Jamvini

Msimu ule wa karafuu nilikuwa nimeshatoka shule na ninakaa nyumbani na mama, sisi wawili tu. Wanawake wa Mtambile waliokwenda kuchuma walimletea watoto wao baada ya sala ya alfajiri. Mama aliwatandikia jamvi barazani na kuwapikia uji.

Alikuwamo mtoto mmoja wa kike, wa miaka mitatu hivi. Mama yake alitoka Kengeja na hapa hakuwa na jamaa. Mtoto yule alilala mapajani mwa mama yangu kila adhuhuri, na mama akimpaka kichwani mafuta yangu ya Idi. Jirani alinicheka, "Umeshapata mdogo wako, bibi. Sasa kazi yako kukata kuni." Maneno yale sikuyasahau.

Kisha likabandikwa tangazo dukani: anayelea watoto wengi wa watu apate ruhusa ya serikali. Wengi ni wangapi, halikusema. Sheha, mkuu wa mtaa wetu, alidhani ni kumi. Mama akapanda gari la abiria hadi ofisini, akaambiwa na karani kuwa ni wanne hadi sita, wakizidi hapana ruhusa, ila wa nyumbani hawamo. Mtoto wa jirani je, ni wa nyumbani? Karani hakujua. Alisema atakuja kuona mwenyewe.

Alikuja asubuhi, watoto wakinywa uji.

"Wangapi hawa, Bi?"

"Wapo, alhamdulillahi," mama akasema.

Kwetu watoto hawahesabiwi kwa sauti, huogopewa hasadi. Karani naye alikuwa Mpemba, hakutaka kunyoosha kidole. Akauliza tena, mama akajibu vilevile. Nilijua wakizidi mmoja atarudishwa nani.

"Saba," nikasema.

Mama alinigeukia kama hanijui. Halafu akamnyanyua yule mtoto, akampakata.

"Huyu wangu," akamwambia karani. "Waliobaki ndio wa watu."

Karani alimtazama mtoto, akamtazama mama, akaandika.

Mama hakunigombeza. Mchana ule alinipakulia kama kawaida, lakini hakukaa nami kula. Nilikula peke yangu jikoni, nikimsikia barazani akimbembeleza yule mwingine.

Karatasi ya ruhusa ililetwa baada ya siku chache, ina muhuri. Mama hakujua kusoma maandishi ya serikali, akaniita nimsomee. Mimi husoma polepole, nikifuata kwa kidole. Jina la mtaa, nikasoma. Watoto wa watu, sita. Nikafika mstari wa mwisho, nikasimamisha kidole.

"Watoto wa mwenye nyumba," nikasoma, "mmoja."

Mama alikuwa anamsuka yule mtoto. Mikono yake ikatulia kichwani mwa mtoto.

"Soma tena, mwanangu."

Nikarudisha kidole mwanzo wa mstari. Neno lilikuwa lilelile.

"Wawili," nikasema.

Akaendelea kusuka.