Kundi la Mtu Mmoja

Bwana shamba wa mradi wa ushauri kwa simu alituahidi kwamba takwimu za mavuno ya kila mkulima zitabaki ndani ya simu yake. Simu zingepeleka kwa mradi jumla zilizochanganywa tu, kisha mashamba yanayofanana yangewekwa kundi moja na kupewa ushauri wake.

Shangazi yangu, mjane wa kitongoji cha Kitura, hakuamini. Shemeji zake walimwachia shamba la kahawa kwa sababu waliliona limechoka, na walimcheka alipolimwagilia kiangazi. Kumbe lilizaa sana, naye aliuza kahawa yake soko la Namswea, mbali na macho yao. Wangejua, wangelidai.

"Simu haina mdomo, mama," bwana shamba alimtania.

"Hata jirani yangu aliniambia hana mdomo, mwanangu."

Watu wakacheka, naye akakubali kwa shingo upande.

Baadaye makundi yalibandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji, bila jina hata moja. Kundi la mwisho lilielezwa hivi: kahawa inayomwagiliwa kiangazi, wastani wa mavuno mkubwa kuliko yote. Pale kijijini anayemwagilia kahawa ni shangazi peke yake.

Nilimuuliza bwana shamba kundi lile lina watu wangapi.

"Hiyo ni siri ya wakulima," akasema.

Nilipogeuka, shemeji mkubwa wa shangazi alikuwa nyuma yangu, akisoma. Nilimwamkia shikamoo.

"Kumbe yale maji hayakupotea bure," alisema, macho yake yakiwa bado ukutani.