Asta wa Matufaha na Barua za Wageni

Asta Rosenkilde aliendesha basi la wanafunzi kisiwani Fyn kwa miaka thelathini na mmoja, lakini sifa zake zilitokana na matufaha. Ukimpelekea tufaha la mti wa zamani usiojulikana jina, alilinusa, akalikata katikati, akatazama mbegu zilivyokaa, kisha akatafuna kipande huku amefumba macho. Mara tisa kati ya kumi alikutajia jina lake. Malipo hakutaka.

Alipostaafu, chama cha wapenda bustani kiliweka anwani yake ya barua pepe kwenye tovuti yao. Wageni wakaanza kumwandikia, na barua taka nazo zikapata njia: dawa za kuotesha nywele, urithi wa matajiri asiowajua, bahati nasibu ambazo hakuwahi kucheza. Ikafika mahali anafuta mia mbili kwa siku. Siku moja, katika haraka hiyo, akafuta na barua ya mwalimu mmoja wa Odense aliyekuwa akingoja jibu lake. Hilo lilimuuma sana.

Birgitte, binti wa kaka yake, fundi wa kompyuta, ndiye aliyemwekea kizuizi. Kila mtu ambaye Asta hajawahi kumwandikia angejibiwa na mashine: bofya hapa, uandike herufi unazoziona kwenye picha. Asipofanya hivyo, barua yake ingewekwa kando, na baada ya siku thelathini ingefutwa.

"Sasa utapumua, shangazi," Birgitte alisema.

Kweli alipumua. Oktoba nzima alikunywa kahawa yake ya asubuhi bila kugusa kitufe cha kufuta. Barua zilikuja chache mno kwa msimu wa matufaha, lakini Asta alidhani ni kwa sababu ya mvua.

Desemba, kwenye sherehe ya Krismasi ya chama, watu wakila vitumbua vya moto kwa jamu, mzee mmoja alimsogelea na mfuko wa karatasi.

"Wewe ndiye Asta?"

"Ndiye mimi. Kaa, mzee wangu."

"Naitwa Ejnar Hvid, natoka kisiwa cha Tåsinge. Mashine yako ilinishinda."

Alisema akicheka, bila kinyongo. Macho yake hayakuwa mazuri tena, na herufi za ile picha zilikuwa zimepindapinda. Alijaribu mara nne, akaona aibu, akaacha. Alitaka tu kujua kama mti wa marehemu mama mkwe wake ulikuwa wa aina adimu, apate sababu ya kuomba bomba la maji machafu, lililopangwa kupita hapo, lipitishwe kwingine. Lakini wiki tatu kabla ya sherehe mti ulikuwa umekatwa.

"Nikasema labda mama wa watu kachoka na wageni," alimalizia. "Una haki yako."

Asta alirudisha kitumbua sahanini. Akatoa tufaha kwenye mfuko wa karatasi wa mzee, akanusa, akakata, akatafuna. Akatafuna tena.

"Silijui," alisema. "Matawi yako wapi?"

"Nyuma ya ghala. Yakikauka nitayachoma."

"Usichome hata kijiti!"

Kesho yake alifika Tåsinge, akafukua theluji kwa mikono na kukata vijiti thelathini ambavyo bado vilikuwa kijani chini ya gome. Alivifunga kwa kitambaa chenye unyevu, akavitunza kwenye friji. Aprili alivipandikiza kwenye miche ya matufaha; kumi na kimoja vikashika.

Lakini kabla ya hapo, siku ileile aliyorudi kutoka Tåsinge, alifungua rundo la barua zilizozuiwa. Alikuta arobaini na moja za watu wa kweli, na za Oktoba zilikuwa zimeshafutwa. Kulikuwa na nyingine ya muuguzi wa Ubelgiji aliyekasirika: walaghai walikuwa wametumia anwani yake, na mashine ikamdai uthibitisho wa barua asizoandika. Asta akampigia simu Birgitte.

"Kiondoe."

"Shangazi, ni sekunde kumi tu!"

"Sekunde kumi za nani? Barua taka zinaniletea mimi usumbufu, halafu namtuma mzee asiyeona vizuri akanifanyie kazi yangu?"

"Basi utazama tena kwenye barua taka."

"Niwekee chujio lisilomwandikia mtu yeyote. Linitengee tu zinazotia shaka. Kuzipitia nitazipitia mwenyewe."

Ikawa hivyo. Nusu saa kila asubuhi Asta hupitia rundo la takataka, polepole, kidole kikifuata mstari baada ya mstari. Zipo siku hapati kitu, na zipo anazonung'unika. Wale arobaini na mmoja aliwajibu wote, akimwomba kila mmoja radhi, kazi iliyomchukua hadi mwaka mpya.

Birgitte humwambia kila mtu kwamba shangazi yake ni mkaidi, na husema kwa sauti ya mtu anayejisifia ukoo.