Mbuzi wa Dagane Asiye na Jina

Mtu akikuambia kwamba Dagane wa Galbet aliikuza ile tovuti kwa akili zake mwenyewe, mlete kwangu. Mimi ni baba yake mdogo. Niliishia darasa la sita, na kompyuta sijawahi kuigusa ila kuipangusa vumbi. Lakini aliyeikuza ni mimi. Yeye alikuwa fundi tu.

Alirudi Garissa kutoka Nairobi mwaka wa tisini na nane, mafuriko yalipokwisha, na kompyuta ameizungushia blanketi kama mgonjwa. Akapanga chumba kimoja nyuma ya duka la nguo kwa sababu palikuwa na waya wa simu. Aliwaambia watu amekuja kufanya biashara ya intaneti. Sisi wa nyumbani tulijua zaidi. Mkewe Sadia alikuwa amekwenda Kanada kwa karatasi za kaka yake, akaahidi kumvuta mumewe amfuate. Mwanzo alikuwa anapiga simu kwa jirani, baadaye mara mojamoja, halafu kimya. Namba aliyoacha ikawa inapokewa na bibi wa Kizungu asiyemjua.

"Adeer," Dagane aliniambia, ndivyo anavyomwita baba mdogo, "mimi siwezi kumpata. Basi nijiweke mahali ambapo yeye anaweza kunipata."

"Ungenunua ngoma ungesikika haraka zaidi," nikamwambia. Hakucheka. Tangu Sadia aondoke, kumchekesha Dagane ni kama kukamua ng'ombe mkavu, na mimi ni mkamuaji hodari.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa na mashine kubwa isiyolala. Dagane alikodi nafasi ndani yake, akaikatakata, akawapangisha wafanyabiashara wa Garissa, kila mmoja na ukurasa wake. Ni kama mtu aliyekodi nyumba nzima akatoa vyumba. Kwa hiyo kodi ya Nairobi aliilipa kabla ya siku yake, hata akilala na njaa. "Nikifukuzwa mimi," alisema, "wamefukuzwa wapangaji wangu wote, nao hawana kosa."

Mpangaji wa kwanza alikuwa Hirsi, muuza ng'ombe. Dagane akamwambia alete fahali wake bora apigwe picha. Hirsi akaleta mfupa unaotembea.

"Huyu atanunuliwa na nani?" Dagane akauliza.

"Unataka nimtoe yule mnene, watu nisiowajua wamkodolee macho mchana kutwa, hata mashallah wasiseme? Afe kesho?"

Dagane alishika kichwa. Mimi nilikuwa pale nakunywa chai yake. Nikauliza, "Hiyo picha inakuja mara moja?" Akasema hapana, laini ni nzito, maandishi hutangulia na picha hujivuta nyuma yake polepole. "Basi andika Mashallah juu, kwa herufi kubwa. Atakayemwona fahali atakuwa ameshaisoma." Hirsi alifikiri, akakubali. Keshoye alileta fahali ambaye hakupita mlangoni. Walipoona hajafa, wauza mifugo wengine wakaanza kuja. Nani alifikiria hilo? Msomi wa Nairobi?

Lakini wageni walikuwa wanakuja mara moja na hawarudi. Dagane alikuwa ameandika mambo ya ofisini: karibuni kwenye tovuti yetu, tunatoa huduma bora. Nikamuuliza, "Ukikutana na mtu njiani anatoka Ijara, unamuuliza nini kwanza?"

"Mvua."

"Halafu?"

"Malisho. Mifugo. Kisha watu."

"Na wewe unampa huduma bora. War, wewe Dagane, andika kama watu wanavyoulizana njiani. Kila asubuhi, kwa mpango huohuo."

Akaandika. Aliandika yote kwanza laini ikiwa imefungwa, kwa sababu simu ya Nairobi ilikuwa ya mbali na inakula pesa. Picha alizipunguza zikawa ndogo kama stampu. Akimaliza ndipo anapiga, mashine inalia kama ndama, anatuma, anakata. Nakala aliiweka kwenye diski, na diski ndani ya kopo la maziwa ya unga, maana vumbi la Garissa halina adabu. Asubuhi umeme ukikosekana, alikuwa na betri ya gari. Hakuna siku aliyowanyima watu habari. Haukupita mwaka, wakawa wanamsoma Minnesota, London, Oslo.

Walisoma, wakaandika kwenye kitabu cha wageni cha tovuti. Bei ya mbuzi je? Rhamu kumenyesha? Mzee wetu amepona? Dagane aliwajibu wote. Sasa wewe unajua desturi: ukishampa mtu habari, naye anakupa zake, hata kama ni za uongo. Hawa walichukua wakapita. Hakuna aliyemuuliza, na wewe?

Kisha ukaja ujumbe usio na jina: "Yule mbuzi mwekundu mwenye pembe moja yuko?"

Nilimkuta ameketi, mikono katikati ya magoti. Mbuzi yule Sadia alipewa na mama yake alipoolewa, na pembe ilivunjikia langoni petu. Huko ng'ambo hakuna mwingine angemjua. Ila mbuzi alikuwa ameshakufa, kwa ule ugonjwa ulioleta kilio kwa wafugaji baada ya mafuriko.

"Andika yuko," nikamwambia. "Nitakutafutia mwekundu mwingine sokoni, na pembe nitaivunja mwenyewe."

"Adeer, hapa nikisema Wajir hakujanyesha, kuna mtu Oslo anatuma pesa ya maji. Nikidanganya mara moja, ya jana na ya kesho yote yamekufa."

"Ni mbuzi tu."

"Ndiyo. Ni mbuzi tu."

Akaandika chini ya habari za mvua: "Yule mbuzi mwekundu alikufa kwa ugonjwa. Mimi nipo." Niliangalia yale maneno mawili ya mwisho nikakosa utani. Imenitokea mara hiyo moja.

Jibu lilichukua siku kadhaa. "Mungu awape mwingine." Basi. Ndivyo mtu yeyote anavyomwambia yeyote aliyefiwa na mbuzi. Salamu hakuna. Dagane alilisoma mpaka kioo kikazima chenyewe.

Siku ya pili alikwenda sokoni akanunua mbuzi mtoto, mweusi. Akamfunga mlangoni pa ofisi, na kila asubuhi, baada ya mvua na bei, akaandika: mbuzi mpya ameamka mzima. Mbuzi amekula risiti ya mteja. Mbuzi ameogopa pikipiki. Nilimwambia hata waziri hatangazwi hivyo. Lakini watu wa ng'ambo walimpenda wakapita kiasi. Watoto waliozaliwa kwenye theluji wakauliza anapenda nini, anaitwa nani. Wapangaji wakaongezeka, akachukua nafasi nyingine kule Nairobi. Hirsi akaja kunung'unika kwamba fahali wake amewekwa chini ya mbuzi.

Yule asiye na jina hakuandika tena.

"Mpe mbuzi jina basi," nilimwambia asubuhi moja. "Oslo wamechoka kusubiri."

"Aliyeuliza habari za yule wa kwanza ndiye atampa huyu."

"Na asipoandika?"

Akaendelea kupunguza picha. Nami nikanywa chai yake, kwa sababu mtu hawezi kukaa tu.

Yule mbuzi amezaa juzi, pacha. Nilikuwepo. Dagane akaandika kwa mpango wake: mvua hakuna, malisho yamerudi nyuma kuelekea mtoni, bei ya ng'ombe imeshuka, mbuzi amezaa wawili, wote wazima, wote watatu hawana majina. Akapiga Nairobi, mashine ikalia, habari zikaenda. Akakata simu haraka, maana Nairobi ni mbali, tukakaa kungoja.