Sauti Iliyofunikwa na Rumba

Shemeji yangu mukubwa, kaka ya marehemu muke wangu, anapita hapa karibu na bandari na pikipiki yake, miziki inalia. Ananipungia mukono. Simuitikii. Watu wanasema nina moyo mubaya. Waseme. Mimi ninasimulia alichonifanyia.

Tulipokuwa Nyunzu, muke wangu hakujua kuandika, na mimi kusoma ni kwa kubahatisha. Basi siku ya soko alikuwa anasema vitu vya kuleta, simu yetu ndogo inarekodi sauti yake, nami nikisahau ninasikiliza njiani. Sauti hizo zote tulikuwa tunafuta nyuma. Moja ilibaki: "Papa, chumvi. Sabuni. Kiberiti. Na usiniletee tena samaki wa kuoza, useme ndio hao walikuwa wanauzisha! Pua si unayo?" Halafu anacheka, na kuku wanalia nyuma yake.

Vita ikatufukuza. Nyumba ilichomwa na wapiganaji wenye mishale. Wapiganaji wengine, wenye bunduki, walifika nyuma yao, wakachukua mbuzi. Muke wangu aliugua njiani, akafia hapa Kalemie, simu ikiwa imefungwa ndani ya kitenge chake.

Kwenye kilio niliwasikilizisha watu ile sauti. Walilia, kisha wakacheka. Mama mumoja wa kwaya akaniomba: "Papa, nitumie na mimi, nitaichunga."

Shemeji akaruka: "Sauti ya mufu haitembezwi kwenye simu za watu! Unataka atutokee?"

Wakubwa wa familia wakamuunga mukono. Mama wa kwaya akarudisha simu yake mufukoni.

Kilio kilipoisha, ndugu zake wakaja kuchukua vitu vya marehemu, kama desturi yao: sufuria, nguo, viatu. Shemeji akaweka na simu juu ya sufuria. Nikasema simu ni yangu.

"Imekutwa kwenye kitenge chake," akajibu. "Ao unataka kumurithi dada yetu?"

Miaka ikapita, nikapata simu ingine. Nikaenda kumuomba shemeji kadi tu ya simu ile ya zamani, ile ndogo kama ukucha, inayochunga sauti. Alinipa bila ubishi. Nikaitia kwenye simu. Rumba. Rumba tupu.

Shemeji alikuwa ameipeleka kwa mutu mumoja wa kibanda cha kuchajisha simu, anayejazia watu miziki. Nikamufuata.

"Kadi ilijaa vitu vya zamani, Papa. Nilifuta kwanza. Kila muntu ninamufanyia vile."

"Hukusikiliza?"

"Nikisikiliza kadi ya kila muntu, nitakula saa ngapi?"

Alijaribu kuitafuta ile sauti kwenye mashini yake, kisha akatikisa kichwa. Kitu kilichofutwa tu kinaweza kurudi, akasema, lakini kilichowekewa kingine juu yake hakirudi.

Nilipomuambia shemeji, alicheka: "Aa, shemeji! Kwani rumba ni mbaya?"

Yule wa kibanda alifanya kazi yake tu, lakini shemeji simusamehe. Shemeji ndiye alikataza nakala, na shemeji ndiye alijaza kadi.

Sasa ninapoenda sokoni ninaisema mwenyewe, polepole, watu wananiangalia: Papa, chumvi. Sabuni. Kiberiti. Maneno yote ninayo, hata yale ya samaki. Nikifika mahali pa kucheka, ninanyamaza. Chumba changu kimejaa chumvi, na anayeiagiza kila siku ni mimi, na sauti yangu mbaya.