Mzungu Aliyelia Nkowe

Juzi mwanangu alitaka kutupa betri za rimoti. Nilimzuia kabla sijajua ninafanya nini, nikazipanga dirishani juani, na baada ya muda zikaanza kutoa harufu yake ile ya bati lililopata moto. Mwanangu alinitazama kwa huruma. Simlaumu. Yeye hakukulia kwetu Nkowe, ambako ungo wa bibi yangu ulikuwa na kazi mbili: kupepeta mtama na kuanikia betri za redio ya Baba mdogo Rashidi.

Niwaambieni mapema, msije mkanidhania vingine: katika kisa hiki mimi ni mwongo. Nilikuwa darasa la tano, na uongo wangu ulikuwa wa kitaaluma.

Baba mdogo Rashidi, kitinda mimba wa bibi, alikuwa amekwenda Namungo kuchimba dhahabu. Alirudi mchana mmoja wa msimu wa korosho akiwa juu ya baiskeli, na nyuma kwenye keria amefunga sururu mbili na redio kaseti moja. Dhahabu hatukuiona. Jalada la kaseti iliyokuwamo lilikuwa na picha ya mzungu mwenye nywele za kufika kifuani, ameshika gita, suruali yake imepasuka magoti yote mawili. Bibi aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akauliza kama huko kwao sindano na uzi havipatikani.

Baba mdogo hakucheka, na hapo ndipo tulipoanza kuogopa, kwa sababu huyu ndiye mtu aliyekuwa akichekesha hadi majirani wa mbali. Aliingia chumbani kwake akalala. Watu wote walikuwa mashambani wameinama chini ya mikorosho wanaokota, yeye anasikiliza mzungu, tena wimbo mmoja tu. Ukiisha, anaitoa kaseti, anaizungusha kwa kalamu hadi mwanzo ili asimalize betri, anauanza upya. Chakula alikula matonge matatu. Ukimuuliza, "Sina neno." Baba yangu alisema ni uvivu wa machimboni. Bibi kila siku alizidi kupunguza samaki katika chakula chake mwenyewe na kuwazidisha katika cha mwanawe, na samaki wale wakawa wanarudi walivyo.

Sasa, wimbo wenyewe. Ulianza polepole, gita peke yake, mtu anaongea zaidi ya kuimba. Halafu ngoma zikaingia. Halafu, mwisho kabisa, yule mzungu alipiga ukelele mrefu ambao sijapata kuusikia tena kwa mtu mwenye afya.

Kwetu kilio hakingoji mwaliko. Ukikisikia unafunga kanga kiunoni, unachota unga, unakwenda, na ni baada ya kufika ndipo unauliza nani. Kwa hiyo siku ya nne, betri zilipopata jua zuri na mzungu akapaza sauti kuliko siku zote, Mama Asumini jirani yetu aliingia uani analia kwa sauti, bakuli la unga kichwani, na nyuma yake wanawake watatu. Walikaa mkekani. Mama Asumini alikuwa ameshamlilia baba yangu kwa jina, akitaja wema wake wote, baba alipotokea nyuma ya nyumba na gunia la korosho begani. Alisimama akasikiliza hadi mwisho. Nadhani hakuwahi kusifiwa vile.

Ilipojulikana kwamba ni kaseti, wale watatu walicheka mpaka wakalala chali. Mama Asumini alinuna, akanyoosha mkono kuchukua bakuli lake. Bibi akamzuia. "Unga wa kilio haurudi nyumbani," alisema, akautia jikoni ukasongwa ugali, tukala wote. Katikati ya ugali akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Lakini huyu mzungu kafiwa na nani?"

Lazima mfahamu kwamba bibi yangu, Biti Mfaume, alikuwa kungwi. Wasichana wa vijiji vitatu walipita mikononi mwake unyagoni, na huko hakuna wimbo usiokuwa na jambo ndani. Wimbo wa kinu si wa kinu. Wimbo wa kunguru si wa kunguru. Kwake yeye, mtu anayeimba bila kuficha kitu alikuwa sawa na chura.

"Zuhura, mke mwenza," akaniita. "Wewe si ndiye wa kwanza wa Kiingereza? Kaa mlangoni kwa baba yako mdogo. Unisomee huo wimbo."

Kweli nilikuwa wa kwanza. Maana yake ni kwamba niliweza kumwamkia mwalimu, kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na kutaja viungo vya mwili kuanzia kichwani hadi magotini, kwa kuwa muhula uliisha kabla hatujafika miguuni. Lakini baba alikwisha kunitangaza hadi Ruangwa mjini. Ningekuwa na uso gani wa kusema sijui?

Nilikaa mlangoni na daftari. Sikuambulia kitu. Mzungu hakutaja kiungo hata kimoja.

Siku ya kwanza nikamwambia bibi kwamba mzungu amepotelewa na ng'ombe. Bibi, aliyekuwa anapepeta, akatafakari. "Ng'ombe mmoja ndiyo alie hivi? Sikiliza tena."

Siku ya pili nikasema ana jipu. Hili lilimvutia kidogo, akataka kujua liko wapi. Nikasema gotini, kwa sababu ndipo elimu yangu ilipoishia. Bibi akasema, "Ndiyo maana suruali imepasuka," akaendelea na kazi. Nikadhani nimeponea hapo.

Siku ya tatu akanikalisha mbele yake, ungo magotini, betri nne ndani yake. "Mwanzo anasema polepole. Anasema na mtu?"

"Ndiyo, bibi."

"Halafu anaita. Anayeitwa anaitika?"

"Haitiki," nikasema.

"Yuko juu au yuko chini?"

Sasa mtu utajibuje hapo? "Chini."

"Chini wapi?"

Wiki hiyo mbuzi wa Mama Asumini alitumbukia katika shimo la choo kipya. Ndilo shimo pekee lililokuwa akilini mwangu. "Shimoni," nikasema.

Bibi akaweka ungo chini. Akajifunga kanga vizuri, akaenda akasukuma mlango wa Baba mdogo bila kubisha, mimi nyuma yake na daftari langu, maana nilijua sasa naumbuliwa.

"Rashidi. Mtoto kanisomea wimbo wako. Pole, mwanangu. Huyo mwenzako aliitwa nani?"

Baba mdogo alimtazama yeye, akanitazama mimi.

"Benedikto," akasema. Kisha akalia, na ule ukelele wa mzungu mbele ya kilio kile haukuwa kitu.

Yakatoka yote. Walikuwa wakichimba wawili, yeye na Benedikto wa Nachingwea. Siku moja kulikuwa na mpira, na Baba mdogo aliomba aende kuutazama. Mwenzake akamwambia nenda, nitashuka peke yangu. Shimo likaporomoka kipindi cha pili. Mazishini Baba mdogo hakwenda, hakuweza kumtazama mama wa marehemu.

Bibi alitoka nje akasimama uani akapiga ukelele wa kilio halisi. Mama Asumini akaja na bakuli lake. Alipoambiwa safari hii ni kweli, alikaa mkekani kwa heshima zote akasema, "Mimi nililia tangu siku ile, ninyi mkanicheka." Tulimkalia Benedikto matanga siku tatu, Waislamu watupu, na bibi akatuma mtu parokiani kuuliza kama kuna neno lolote tunapaswa kulisema. Siku ya nne Baba mdogo alipanda baiskeli na sururu moja, akaipeleka kwa mama wa mwenzake. Aliporudi alikula samaki, akaomba wa pili.

Miaka mingi nilitembea na kiburi cha mkalimani. Kisha nikasoma, nikawa mwalimu wa Kiingereza hapa Nachingwea, na likizo moja nikaisikiliza ile kaseti kwa masikio yenye cheti. Ndugu zangu, wimbo ule unahusu gari. Gari lake haliwaki, mvua inamnyeshea, naye analibembeleza kwa jina la kike. Mwisho linawaka. Ule ukelele ni wa furaha.

Nilikaa na siri hiyo kama mtu aliyekalia mwiba. Bibi alikwisha kufariki. Nilikwisha kuelewa kwamba hakuniamini hata siku moja, si ng'ombe, si jipu. Aliona sururu mbili zimerudi na mtu mmoja. Alikuwa akitafuta mlango tu wa kuingilia, na mwanawe asione kwamba amevuliwa nguo. Lakini Baba mdogo je? Nilimdanganya mtu katika msiba wake.

Jana alipita kunisalimu, mvi kichwa kizima, akaziona betri dirishani akacheka. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote, hadi gari.

"Najua ni gari," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Namungo. Kaseti ilikuwa ya Benedikto, yeye alisoma misheni. Alinifasiria neno kwa neno. Kila gari likiwaka mwishoni, tulikuwa tunapiga makofi."

"Sasa, Baba mdogo, siku ile ulilia nini?"

Alichukua betri moja, akaigeuza upande ambao haujapata jua, akairudisha mahali pake.

"Nilikaa nyumbani siku saba," akasema. "Mama alikuwa wa kwanza kuniuliza jina la mwenzangu."